Kabla Hujaagiza Mbwa wa Mbio: Mwongozo kwa Sisi wa Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi ya tatu tangu Nyota, mbwa wangu wa mbio, afike Mafinga, jogoo wa Mama Tumaini aliruka michongoma akatua uani kwetu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilichoona ni vumbi, kisha manyoya, kisha mbwa wangu amesimama katikati ya ua, kimya kabisa, jogoo mdomoni. Mama Tumaini akaja na khanga begani, akamtazama yule mbwa mwembamba kama fito, akaniambia, "Baba Neema, si ulisema huyu ni wa mapambo?" Nikalipa jogoo. Mwezi uliofuata nikalipa tetea wawili.

Naanza na jogoo kwa sababu vijana wananitumia picha ya mbwa wa mbio, Saluki au Azawakh, waliyoiona kwenye simu, na swali lao la kwanza ni bei. Bei iweke mwisho. Kuna mambo ya kuangalia kwanza, na mengine unayaangalia ukiwa umesimama uani kwako, bila hata senti kukutoka. (Utani kwamba watu wa Iringa hula mbwa naujua wote, msinitumie.)

Ni mbwa gani hawa

Mbwa wengi wa kuwinda hufuata harufu. Hawa hufuata macho. Akiona kitu kinachokimbia mbali huko, anaondoka, na akishaondoka masikio yanakuwa kama yamezibwa. Utawatambua kwa kifua kirefu, tumbo lililoingia ndani, mgongo wenye mkunjo na miguu isiyoisha. Greyhound anayejulikana sana hufikia karibu kilomita 70 kwa saa. Whippet ni kama Greyhound aliyepunguzwa, dume akiwa na sentimita 50 hivi begani. Saluki ni wa Waarabu wa jangwani. Sloughi ni wa Afrika Kaskazini, na Morocco ndiyo inayotambuliwa kimataifa kuwa mlezi wa sifa zake rasmi. Azawakh ni wa Watuareg na wafugaji wengine wa Mali, Niger na Burkina Faso. Shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, lilimtambua mwaka 1981, Wamarekani wakamwingiza kikamilifu kwenye daftari lao mwaka 2019 tu. Basenji wa Kongo watu humweka kundi hili na wengine humtoa. Yeye habweki kama mbwa wengine, hutoa sauti fulani ya kughani.

Huku kwetu sijawahi kukutana na mfugaji anayewazalisha, si Mbeya wala Njombe wala Songea. Kwa hiyo anayekuambia anao watoto watatu Uyole, wa bei poa, anza kumshuku hapo hapo.

Kwanza: unamtakia nini?

Mtu wa kwetu akinunua mbwa, mara nyingi ni kwa sababu ya wezi. Kama hilo ndilo lako, funga ukurasa. Greyhound atampokea mwizi kwa mkia, kisha arudi kulala. Saluki atamwangalia tu kama binti mfalme aliyeletewa maji ya moto. Anayejali boma kidogo ni Azawakh, kwa kuwa kwao analala kambini na kulinda mifugo na hema. Lakini ulinzi wake unakuja na ubaridi kwa wageni, na hilo linataka mwenye mbwa anayejua anachofanya.

Kama ni kuwinda, jua kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na ukikutwa kandokando ya Ruaha au Mpanga-Kipengere una mbwa wa mbio na mnyama amekufa, hakuna askari wa wanyamapori atakayekuelewa. Kama ni biashara ya kuuza watoto, jike wako mmoja hana mume nchi nzima, na ukimchanganya na yeyote umepoteza kile kile ulichokilipia.

Sababu inayobaki ni kwamba unampenda tu. Ni sababu halali. Mimi ndiyo niliyokuwa nayo.

Pili: uangalie ua wako vizuri

Hapa ndipo wengi wetu tunaanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ua wa kwetu ni michongoma, au seng'enge iliyofungwa kwenye nguzo za mlingoti, au vyote viwili. Kwa ng'ombe ni ua mzuri. Kwa mbwa huyu ni kisu. Ngozi yao ni nyembamba na chini yake mafuta hayapo, kwa hiyo mwiba ambao mbwa wa kienyeji angeupita akijikuna tu, kwa huyu unafungua ngozi kama zipu. Nyota alipita kwenye seng'enge mara moja, akimfuata sungura. Kidonda kilikuwa na urefu wa kiganja changu, na cha ajabu damu haikuwa nyingi. Ningeweza kukikosa kabisa kama mwanangu asingekuwa anamsugua ubavuni jioni ile. Nyuzi kumi na moja.

Unachohitaji ni ukuta, au mabanzi, au wavu wa chuma uliosimama wima kwa futi sita, na chini usiwe na upenyo. Kwa Mafinga mabanzi ni rahisi kupata, sisi wa mbao hatuna kisingizio. Huna uwezo wa kuzungushia kiwanja chote? Zungushia kipande: hatua ishirini kwa kumi zinamtosha kujinyoosha kila siku, mradi mara kadhaa kwa wiki umpeleke mahali palipofungwa akakimbie kweli. Mimi huomba uwanja wa shule wenye ukuta siku za Jumapili. Dakika tano za mbio, kisha analala siku nzima. Watu hudhani mbwa wa mbio anataka kukimbia asubuhi mpaka jioni. Ni mvivu kuliko paka.

Usimwachie huru barabarani hata siku moja. Barabara ya Tanzania–Zambia ina malori usiku na mchana, na mbwa anayefuata mbuzi wa ng'ambo haangalii lori. Akitembea na wewe avae mkanda mpana wa shingoni unaojikaza kidogo akivuta, maana shingo yake ni nene kuliko kichwa na mkanda wa kawaida anauvua kwa kurudi nyuma hatua moja.

Kisha majirani. Pita nyumba kwa nyumba kabla, si baada. Hesabu kuku wanaotembea ovyo, mbuzi, paka, na watoto wanaopenda kukimbia. Mimi nilipaswa kumjengea Mama Tumaini banda la kuku kabla ya kulipia tiketi ya mbwa. Mabanzi yangegharimu chini ya jogoo na tetea wake. Kama jirani ni Mwislamu, msalimie na umweleze kwa heshima mbwa atakaa wapi na utamzuiaje asilambe vyombo au nguo za watu. Mzee mmoja wa msikiti wa karibu nami alinishangaza: alinikumbusha aya ya 4 ya Suratul Maida, inayohalalisha windo la wanyama waliofunzwa, na akaongeza kwamba Waarabu wa jangwani humpa Saluki heshima ambayo mbwa mwingine haipati. Tangu siku hiyo ananiuliza, "Hajambo yule wa kiarabu?" Lakini bado hapendi amkaribie kanzu, na ni haki yake.

Tatu: baridi

Wengi wao kwao ni jangwani, na kwetu Julai ni kitu kingine. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Makete kuelekea Kitulo asubuhi unakuta sakitu kwenye majani. Mbwa asiye na mafuta wala manyoya mazito hawezi kulala kibarazani kama Simba, mbwa wa jirani. Atalala ndani. Kama mama watoto hataki mbwa ndani, mazungumzo hayo yaishe kabla hujaagiza, maana yakianza mbwa akiwa ameshafika, wewe ndiye utakayelala naye jikoni.

Koti hakuna dukani, lakini si tatizo. Nilichukua blanketi la mitumba, lile laini la sufu bandia, nikampelekea fundi cherehani. Pima kutoka chini ya shingo mpaka mwanzo wa mkia, uache kifua kifunikwe na kamba ipite chini ya tumbo. Fundi wangu alicheka, akashona mawili, akakataa kuchukua hela ya la pili. Na godoro: mifupa yao inagusa sakafu moja kwa moja, akilala kwenye saruji anaota sugu na vidonda viwikoni.

Nne: zungumza na daktari wa mifugo kabla ya mbwa kufika

Wataalamu wetu wa mifugo wanajua ng'ombe, kuku na nguruwe kuliko mimi ninavyojua mbao. Mbwa wa namna hii wengi hawajawahi kumgusa, na si kosa lao. Kuna mambo manne uyaandike kwenye karatasi umpelekee, na nakala uibandike jikoni.

Dawa za usingizi za jamii ya thiopentoni huchelewa sana kutoka mwilini mwa Greyhound na ndugu zake, kwa sababu ya uchache wa mafuta na jinsi ini lao linavyofanya kazi. Mbwa anaweza kulala kupita kiasi au asiamke. Daktari apange dawa nyingine mapema, na mbwa afunikwe wakati wa upasuaji kwa kuwa hupoa haraka.

Damu yao haifanani na ya mbwa wengine. Greyhound ana chembe nyekundu nyingi kuliko kawaida, chembe sahani (za kugandisha damu) chache, na homoni ya tezi ya shingo iko chini akiwa mzima kabisa. Moyo ni mkubwa na unaweza kusikika na mvumo. Daktari asiyejua hili ataanza kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Kupe wapo, na wanaleta homa zinazomaliza mbwa haraka; ukishuka bondeni Pawaga au Usangu ongeza hofu ya mbung'o. Lakini usimwoshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Pata ya mbwa, kwa uzito wake. Na ivermektini, dawa ya minyoo anayochomwa kila mnyama kijijini, iulizie kwanza: Whippet wenye manyoya marefu wapo wenye hitilafu ya kurithi inayoifanya dozi kubwa iwe sumu.

La nne ni chanjo. Ya kichaa cha mbwa kila mwaka, pamoja na ile ya mchanganyiko inayokinga magonjwa ya parvo na distempa. Usitegemee kampeni ya kijiji pekee.

Mtaalamu wangu, kijana mmoja mpole, aliisoma karatasi yote akiwa amesimama, akasema, "Mzee, hii ningeipata wapi?" Kisha akaipiga picha. Kwa jambo zito zaidi tuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Iringa kwa vipimo, na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Pima muda kutoka nyumbani kwako mpaka huko. Kutoka Tukuyu ni safari ya siku nzima.

Tano: yupi basi?

Ushauri wangu wa wazi: kama ni wa kwanza kwako, chukua Whippet. Ni mdogo, anakula kidogo, anapenda watu, na anaishi miaka 12 mpaka 15. Saluki kama una subira na huoni aibu kuitwa mara saba mbwa asije. Sloughi ni mwaminifu kwa mtu wake, lakini dai majibu ya kipimo cha vinasaba cha upofu wa kurithi kwa wazazi wote wawili. Azawakh ni mzuri kuliko wote machoni pangu, na kwa sababu hiyo hiyo nilimwacha: ni wachache, wafugaji huchagua sana wa kumpa, na hapendi kubadilishiwa mazingira akiwa mkubwa. Basenji apimwe ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Kipimo cha vinasaba kipo. Wale wakubwa wa Ireland, wenye ukubwa wa ndama, waache. Hawaishi muda mrefu, na chakula chao ni mshahara wa mtu.

Na kuna jibu ambalo watu hawalipendi. Kama unachotaka ni umbo lile tu, nenda vijijini utazame mbwa wa kienyeji wa wafugaji. Wapo wembamba, kifua kirefu, wenye mbio za kutisha, wamezoea kupe wa huku na baridi ya huku. Utampata kwa bei ya kuku. Mdogo wangu anaye mmoja kutoka Ilula, na siku tulipowaachia pamoja uwanjani, kwa mita mia za kwanza sikuona tofauti ninayoweza kujivunia.

Sita: umpate wapi

Nianze na pale nilipoibiwa. Kabla ya Nyota nilimpata mtu mtandaoni aliyedai ana watoto wa Saluki Dar es Salaam. Picha nzuri, sauti ya upole, "bro" kila sentensi. Nikatuma 400,000 za kushikilia. Baadaye ikaja 150,000 ya kreti, kisha 100,000 ya karatasi za chanjo. Nilipoomba video ya mtoto akiwa na mama yake, huku mtu akitaja jina langu na tarehe ya siku hiyo, simu ikazimwa. Hiyo video ndiyo ingekuwa ombi langu la kwanza, na gharama yake ni bando tu.

Mfugaji wa kweli utamtambua kwa maswali anayokuuliza wewe. Ua wako una urefu gani? Nani yuko nyumbani mchana? Daktari wako ni nani? Aliyeniuzia Nyota, mama mmoja wa Afrika Kusini, alinihoji kwa miezi mitano kama anayeozesha binti, akataka video ya ua, akaniandikia kwenye mkataba kwamba nikishindwa mbwa anarudi kwake. Anayetaka pesa kabla ya maswali, mkimbie.

Mahali pa kuanzia ni vyama vinavyosajili mbwa, ambavyo vitakupa majina ya wafugaji: Kennel Union of Southern Africa kwa Afrika Kusini, East Africa Kennel Club ya Nairobi kwa Kenya. Ulaya kila nchi ina chama chake chini ya FCI, na kila aina ya mbwa huwa na klabu yake. Muulize mfugaji cheti cha usajili cha wazazi, vipimo vya vinasaba, umri wa mama na amezaa mara ngapi, na babu zake walikufa kwa nini. Swali hili la mwisho linawachuja wengi. Mwaminifu atakuambia: moyo, saratani, gari.

Kuna wanaoniuliza kuhusu Greyhound wastaafu wa mashindano, kwamba Uingereza, Ireland na Australia wanawagawa, na New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba inafunga mashindano hayo. Ni kweli wapo wengi, na ni mbwa watulivu sana. Lakini mashirika yanayowagawa hupenda kumpa mtu wanayeweza kumtembelea. Kumshawishi mtu wa huko ampandishe ndege mbwa wa miaka minne aje Makambako si kazi ndogo.

Na njia za panya za Tunduma na Kasumulu sitaki hata kuzijadili. Mbwa asiye na karatasi ni mbwa ambaye huna uhakika kama amechanjwa kichaa.

Saba: karatasi na safari

Utaratibu unaanzia kwako, si kwa muuzaji. Unaomba kibali cha kuingiza mnyama Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Idara ya Huduma za Mifugo. Kibali kinakuja na masharti. Hayo unamtumia mfugaji, naye anampelekea daktari wa serikali ya kwao anayetoa cheti cha afya ndani ya siku zilizotajwa. Mbwa awe na chipu yenye tarakimu 15, na namba hiyo ilingane kwenye kila karatasi. Tarakimu moja ikikosewa utalala uwanja wa ndege. Chanjo ya kichaa kwa kawaida hutolewa mtoto akifikisha wiki 12, kisha husubiriwa kama mwezi, kwa hiyo usitegemee kumpokea akiwa chini ya miezi minne.

Kreti imruhusu kusimama bila masikio kugusa juu, kugeuka na kulala amejinyoosha. Kwa miguu hii ni kreti kubwa, na ndege hutoza ukubwa. Usishangae nauli ikipita bei ya mbwa. Usikubali apewe dawa ya kumlaza kwa ajili ya safari.

Mimi nilimpokea Dar na kukodi Noah. Tuliondoka saa kumi usiku ili kukwepa joto la Morogoro. Mikumi ndipo nilipomjua mbwa wangu: swala walikuwa kandokando ya barabara, na Nyota, aliyekuwa amelala tangu Chalinze, akainuka, akabandika pua kwenye kioo, akaanza kutetemeka mwili mzima na kutoa sauti nyembamba kama birika linaloanza kuchemka. Dereva akapunguza mwendo. Nikamwambia ongeza, na vioo viwe juu. Kwenye kona za Kitonga alitapika mara mbili, basi. Kwenye kizuizi cha barabarani waliomba kibali cha kusafirisha mnyama, nikakitoa. Anayetoka Nairobi anaweza kushuka Namanga, Arusha, Dodoma na kuingia Iringa kupitia Mtera, bila kuiona Dar kabisa.

Nane: mwezi wa kwanza

Mpe chakula alichozoea kwa wiki mbili, kisha ubadilishe kidogo kidogo. Nyota sasa anakula ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi, utumbo, mayai, na mifupa mibichi yenye nyama. Mifupa iliyopikwa hapana. Mbavu tatu za mwisho zikionekana, yuko sawa. Wageni watakuambia unamnyima chakula. Zoea.

Usimwachie nje ya ua mwezi mzima, hata akionekana amekupenda. Mfundishe jina lake kwa firigisi za kuku, ndani ya nyumba, kisha uani, kisha uwanjani akiwa kwenye kamba ndefu. Siku ya kwanza nilipofungua kamba uwanja wa shule alizunguka mara nne kando ya ukuta, masikio yamelala nyuma, miguu yote minne hewani. Nikamwita. Hakuja. Nikamwita tena, akageuza kichwa tu. Mara ya tatu nilichuchumaa nikamgeuzia mgongo, nikatikisa mfuko wa firigisi, na sijui ni firigisi au ni mgongo, lakini nilisikia pumzi yake sikioni.